Filamu bubu za Buster Keaton: sifa zote ni za mchekeshaji?

Wakuu, kila tukizigusa filamu za Buster Keaton, yule mchekeshaji wa Kimarekani wa enzi za filamu bubu, hoja ni ile ile: filamu isiyo na sauti haina haja ya mwandishi, mwili wa mchekeshaji unatosha. Napinga, na shahidi wangu ni Jean Havez, mmoja wa waandishi wa filamu zake.

Mmarekani huyu, mzaliwa wa Baltimore mwaka 1872, alianza na nyimbo za kuchekesha za jukwaani. Wimbo wake wa 1905, "Everybody Works but Father", ulivuma sana. Mama anafua nguo za watu, dada naye vilevile, baba kakaa mbele ya moto anavuta kiko. Ondoa sauti, picha inabaki na bado unacheka. Ufundi huo ndio alioingia nao kwenye sinema.

Tazameni Our Hospitality ya 1923, aliyoiandika na Clyde Bruckman na Joseph Mitchell. Kijana kaalikwa chakula cha usiku, kumbe ni nyumba ya mahasimu wa ukoo wake. Heshima ya nyumba hairuhusu mgeni kuuawa ndani. Kijana anasikia hayo, basi hatoki! Wenyeji wana bastola mkononi, yeye anatafuta kila kisingizio asivuke kizingiti. Sisi husema siku ya tatu mgeni mpe jembe; huyu akitoka tu kwenda kulima, kafa. Sharti moja, na kicheko cha nusu filamu kimetoka humo. Jambo hilo watu walikaa chini wakalifikiria.

Jibu: Mkuu, na Seven Chances ya 1925 je? Kwenye onyesho la majaribio, watazamaji walimwona Keaton kwenye filamu akiteremka mlima mbio, akagusa mawe machache yakaanza kumfuata, wakaangua kicheko. Akarudi akatengenezesha mawe bandia kibao. Hicho ndicho kipande kinachokumbukwa mpaka leo, na hakikuandikwa na mtu. Keaton mwenyewe alisema hawakuwa na skripti.

Mleta mada: Mawe nakuachia, ndugu yangu. Ila kukosa karatasi si kukosa mtunzi. Havez na wenzake walikaa na Keaton wakiitafuta hadithi. Halafu kwa nini jamaa anakimbia? Lazima aoe kabla ya saa moja jioni, la sivyo anakosa urithi wa dola milioni 7. Sharti hilo limetoka kwenye tamthilia, yaani kwa mwandishi tena. Liondoe, na lile kundi la mabibi harusi linalomkimbiza halipo, wala Keaton hafiki kwenye ule mlima.