Mechi 13 AFCON, ushindi sifuri. Halafu mnaniambia nishangilie?

Wakuu, nimenyamaza tangu Januari nikisubiri hasira zipoe. Hazijapoa. Kila nikiwasha data nakutana na mtu kaandika "vijana wameandika historia", mara "tumetoka kifua mbele", na bendera tano pembeni, eti kwa kuwa timu yetu ya taifa, Taifa Stars, imeingia mtoano wa AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, kule Morocco. Historia ipi? Ngoja niwape historia yenyewe, maana naona wengi mmeujua mpira ukiwa tayari umeshaingia kwenye king'amuzi.

Taifa Stars imekwenda fainali za AFCON mara nne. Nigeria 1980, Misri 2019, ile ya 2023 iliyochezwa Januari 2024 kule Ivory Coast, na hii ya Morocco iliyoanza Desemba 2025. Jumla mechi 13. Tumefungwa 8, tumetoka sare 5. Kushinda, hakuna. Tumefunga mabao 9, tumefungwa 23. Kuna Watanzania wamezaliwa, wakasoma, wakaoa, wakaitwa babu, na hawajawahi kuiona Stars ikishinda hata mechi moja ya AFCON. Hata ya kubahatisha. Hata ya bao la kujifunga.

Na asije mtu hapa na ngonjera za "sisi bado wachanga". Kenya wameshinda, tena mmoja wa ushindi wao ni sisi tuliowapa. Uganda 2019 waliifunga DR Congo 2-0. Rwanda wamekwenda mara moja tu maishani mwao, Tunisia 2004, na hiyo mara moja wakaipiga Congo bao 1-0 wakarudi zao Kigali na cha kusimulia. Madagascar 2019 ilikuwa safari yao ya kwanza kabisa, wakamchapa Nigeria 2-0 na kutinga robo fainali. Na Wangazija jamani! Visiwa vile, watu wote ukiwakusanya hawafiki milioni moja, walikwenda Cameroon Januari 2022 wakiwa wageni wa mashindano, wakaitoa Ghana kwa 3-2. Ghana hii hii yenye makombe manne. Sisi tuko zaidi ya milioni 60 tunapongezana kwa sare.

Wa 1980 siwagusi. Wale walipita kwenye tundu la sindano. Mashindano yalikuwa na timu nane tu Afrika nzima, na kufika huko ilibidi Peter Tino akafunge Ndola, kwa Wazambia wenyewe. Wakapangwa na wenyeji Nigeria ambao ndio waliobeba kombe, wakafungwa 3-1. Misri 2-1. Ivory Coast 1-1. Katika kila mechi walipata bao. Nawavulia kofia.

Baada ya hapo miaka 39 ya giza. Ndiyo miaka ile Mzee Mwinyi akatuita kichwa cha mwendawazimu, kila kinyozi anakuja kujifunzia kwetu. Tulikasirika wakati ule, lakini nani alimpinga kwa matokeo?

Tumerudi 2019. Tukumbuke tumerudi mwaka ambao CAF, shirikisho la soka Afrika, imepanua mashindano kutoka timu 16 hadi 24, yaani mlango ulipanuliwa ndipo nasi tukapita. Haidhuru. Machi 24 pale Taifa tuliipiga Uganda 3-0, Msuva, Erasto Nyoni na Aggrey Morris, watu wakalala barabarani kwa furaha, Rais Magufuli akawapa wachezaji viwanja Dodoma. Mimi mwenyewe niliimba mpaka sauti ikakauka. Tukaenda Cairo. Senegal 2-0, sawa, ile ni Senegal. Algeria mechi ya mwisho 3-0, nao wakaja kuwa mabingwa. Hizo mbili nazimeza.

Mechi ya Kenya haimezeki. Msuva kafunga dakika ya 6. Olunga kasawazisha dakika ya 39. Dakika ya 40, kabla hata Wakenya hawajamaliza kukumbatiana, Samatta kaweka la pili. Tunakwenda mapumziko tunaongoza 2-1. Ungedhani timu itarudi kumalizia kazi. Ilirudi ikarudi nyuma, hatua kwa hatua, kama mtu anayekimbizwa na mbwa asiyebweka. Omolo 62. Olunga tena, dakika ya 80. Tumefungwa 3-2.

Hiyo dakika ya 80 iwekeni akilini, tutakutana nayo tena.

Januari 21, 2024, San Pedro. Nilikuwa kibanda umiza karibu na ninapopanga, benchi za mbao, feni moja inayozunguka kwa huruma. Morocco walishatupiga 3-0 mechi ya kwanza. Katikati ya wiki kocha wetu Adel Amrouche kafungiwa na CAF mechi nane kwa mdomo wake kuhusu hao hao Morocco, na nyumbani wakamsimamisha kazi, kwa hiyo tunaikabili Zambia na kocha wa dharura. Msuva huyo, dakika ya 11, bao. Dakika ya 44 Mzambia Roderick Kabwe kapewa kadi nyekundu. Yaani mungu gani zaidi mlitaka? Tunaongoza, wao wako kumi, tuna kipindi kizima mkononi. Dogo mmoja wa bodaboda akasimama juu ya benchi akatangaza kwamba mpira ukiisha soda za kibanda kizima ni juu yake.

Kuna babu mmoja pale huwa hakosi mechi ya Stars. Anakaa kona ya mlango, kofia magotini. Dakika ya 75 hivi akanyanyuka. Tukamuuliza, "Babu, shikamoo, unakwenda wapi na ushindi huu?" Akasema, "Marahaba wajukuu zangu. Mimi nikikaa tunafungwa. Niacheni nikasikilizie nje." Tukacheka. Akatoka kweli, akasimama chini ya mwembe na kofia kichwani. Ndani tunatazama watu 11 wanaokimbizwa na watu 10. Mpira unapigwa mbele ovyo, unarudi. Unapigwa, unarudi. Dakika ya 88 kichwa cha Patson Daka, moja moja.

Hakuna aliyepiga kelele. Dogo wa bodaboda alishuka kwenye benchi taratibu, akatafuta ufunguo wake mfukoni. Soda hatukunywa.

Mechi ya mwisho na DR Congo 0-0, tumemaliza mkiani tukiwa na pointi mbili, na ndege ikatua Dar tukaambiwa "tumepiga hatua, safari iliyopita hatukuwa na pointi hata moja". Naapa nilisikia hiyo kauli kwa masikio yangu redioni, na mchambuzi alikuwa hatanii.

Sasa twende Morocco, hii mnayoiita historia. Nigeria 2-1, tumesawazisha dakika ya 50 kwa bao la Charles M'Mombwa, dakika ya 52 Lookman kafunga la pili. Dakika mbili! Sherehe yetu haikumaliza hata kona ya uwanja. Halafu Uganda, Desemba 27, Rabat. Msuva penalti dakika ya 59, tunaongoza. Kibanda kile kile, babu yule yule. Dakika ya 75 ananyanyuka, safari hii tukamzuia. Tulimshika shati kabisa. "Babu leo hutoki, tunashinda ukiwa hapa hapa, uje uwasimulie wajukuu." Akakaa, kakunja uso. Dakika ya 80, Uche Ikpeazu. Moja moja. Halafu mwishoni Waganda wakapewa penalti, Okello kapaisha, la sivyo tungefungwa kabisa. Watu wakashangilia ile penalti kukosa kama vile tumebeba kombe. Tumefikia hapo, kushangilia makosa ya mwenzetu.

Hebu zipangeni hizo mechi tatu. Kenya 2019, Zambia 2024, Uganda 2025. Zote tatu aliyetangulia kufunga ni Simon Msuva. Zote tatu tulikuwa mbele. Mabao yaliyotumaliza yaliingia dakika ya 80, ya 88 na ya 80. Makocha watatu tofauti, wachezaji wengi tofauti, na ugonjwa ni ule ule. Kama kuna mtu mwenye haki ya kulalamika hapa kuliko mimi ni Msuva. Jamaa anawasha moto kila mashindano, wenzake wanaumwagia maji.

Na mnajua ugonjwa wenyewe. Tukipata bao tu, tunaanza kuhesabu dakika. Kiungo anashuka anakuwa beki wa tano, winga anashuka anakuwa beki wa sita, mshambuliaji anabaki peke yake anapepea mikono. Kipa analala chini anashika goti ambalo halina shida. Huko ni kupaki basi bila dereva. Timu kubwa zikijifungia nyuma, mpira ukinaswa kuna mtu wa kuukimbiza mbele. Sisi ukinaswa unapigwa popote, sekunde nne mpinzani kaushika tena. Zambia wakiwa kumi! Siwezi kulisahau hili, nisameheni narudia.

Mnasema tatizo kocha. Sawa, tuongee kocha. Amunike alitupeleka 2019, wiki moja baada ya kutolewa mkataba ukavunjwa. Amrouche alitupeleka Ivory Coast, hakumaliza hata makundi. Hemed Suleiman alitufuzisha, tukaifunga Guinea 1-0 pale Uwanja wa Mkapa, akatuongoza CHAN, halafu Novemba 2025, zimebaki wiki chache, akawekwa pembeni akaletwa Gamondi ambaye huku alikuwa na klabu ya kufundisha. Gamondi ni kocha mzuri, sina neno naye. Lakini nani anabadilisha fundi wakati nyumba iko kwenye lenta? Kila mashindano tunakwenda na daftari jipya, ukurasa wa kwanza.

Jambo la pili mtanirushia mawe, hasa nyie wa Kariakoo, Simba na Yanga. Klabu zetu zinapaa, hilo nakubali kwa moyo mweupe. Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023, Simba fainali hiyo hiyo 2025. Lakini nani anafunga? Kanuni inaruhusu wageni 12 kwa kila klabu, na wote tunajua wanawekwa wapi. Mtanzania wa mwisho kuibuka mfungaji bora wa ligi alikuwa George Mpole wa Geita Gold, msimu wa 2021/22. Baada yake Mayele na Ntibazonkiza walilingana, akaja Aziz Ki, akaja Ahoua. Mshambuliaji wetu anakaa benchi anamtazama mgeni akifunga, kisha Desemba tunamwambia nenda kamfunge Nigeria. Kwa mazoezi gani? Sisemi wageni waondoke. Nasema msishangae.

Na msiniambie vijana hawawezi kushinda. CHAN Agosti 2025, wachezaji wa ligi ya ndani watupu, tuliichapa Burkina Faso 2-0, Mauritania 1-0, Madagascar 2-1 mabao yote ya Mzize. Madagascar hao hao wakaenda mpaka fainali. Kwa hiyo miguu ipo. Wanapovuka kwenda kwenye yale makubwa kuna kitu wanakiacha uwanja wa ndege.

Sasa "historia" yenyewe. Tumesawazisha na Tunisia 1-1, Feisal kafunga bao zuri, pointi mbili, nafasi ya tatu. Kati ya timu 24 zinapita 16. Tumepita tukilingana na Angola kwa pointi na kwa tofauti ya mabao, tukawazidi kwa mabao ya kufunga: sisi matatu, wao mawili. Tumeingia mtoano kwa dirisha la jikoni, hatujashinda mechi, na mtu anachinja mbuzi.

Januari 4 tukakutana na Morocco kwao. Hapa nitakuwa mkweli, vijana walicheza. Brahim Díaz kafunga dakika ya 64, na lile tukio la Nado kuangushwa mwishoni hata mimi niliruka nikitaka penalti. Mpaka leo mnalia na hiyo penalti. Haya, tuseme ingetolewa. Tuseme tungeifunga. Ingekuwa 1-1. SARE NYINGINE. Hata malalamiko yetu hayavuki sare!

Mwaka 2027 AFCON inakuja kwetu, sisi na Kenya na Uganda. Hatuna kisingizio cha hali ya hewa, safari wala mashabiki. Anayeelewa mambo ya benchi la ufundi aje hapa aniambie, bila siasa: dakika ya 75, tunaongoza bao moja, tunafanya nini? Nani anaingia, nani anatoka, mpira unapelekwa wapi? Nataka mtu mmoja tu mwenye jibu ambalo si "kupambana".

Babu hatusalimii vizuri tangu ile siku ya Uganda. Anasema lile bao la Ikpeazu ni letu sisi tuliomshika shati. Juzi nimemkuta kwenye kahawa nikamwambia 2027 nitamkatia tiketi ya kwa Mkapa. Akanywa kahawa yake kwanza, halafu akaniuliza kama dakika ya 75 mageti yanakuwa wazi.