Naomba ushauri: seli ya bwawa la chumvi isife mapema

Wakuu, heshima kwenu. Nasimamia bwawa la kuogelea la apatimenti huku Mbezi Beach, linatumia mashine ya chumvi kutengeneza klorini. Sahani za seli (kile kipande cha mashine ambamo umeme hugeuza chumvi kuwa klorini) zinashika magamba meupe, magumu kama ya ndani ya birika, na klorini inashuka. Tunajazia maji ya kisima, nahisi chokaa inatoka humo humo.

Fundi kila akija anailoweka kwenye asidi, halafu anakwangua kwa bisibisi. Hapo kwenye bisibisi roho inaniuma! Zile sahani ni titani iliyopakwa tabaka jembamba la rutheni. Likichubuka, seli ndiyo basi, na bei yake mnaijua. Hata asidi ikizidi inalila.

Chumvi naiweka gramu 3 hadi 4 kwa lita, pH (kipimo cha uchachu wa maji) siachi ipite 7.6 maana mfumo huu huipandisha wenyewe.

Sasa wenye maji ya kisima, mnaloweka kila baada ya muda gani, na asidi mnaichanganya vipi na maji? Chumvi ya mawe ya Bagamoyo inafaa, au ndiyo inaniongezea magamba? Na umeme ukicheza, mmefunga nini kuilinda? Mwenye fundi asiyekwangua naye anistue.