Msaada: seva ya duka la dawa haiwaki tangu niipandishe kutoka Ubuntu 20.04 kwenda 22.04

Kijana wa Rangi Tatu:

Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada, nimekwama na usingizi sina.

Mama yangu mdogo ana duka la dawa hapa Mbagala Rangi Tatu. Mwaka 2020 nilimfungia kompyuta ndogo kule nyuma ya duka, nikaweka Ubuntu Server 20.04 (mfumo endeshi), Apache ya kutoa kurasa, MySQL ya kutunza data na mfumo wa stoo niliouandika mwenyewe kwa lugha ya PHP. Wauzaji wanaingia kwa kivinjari tu. Mfumo huo ndio unaojua dawa gani imebaki, ilinunuliwa bei gani na inaisha muda lini.

Apdeti za kawaida za 20.04 zilikoma Mei 2025, kwa hiyo nikaona tusiendelee kukaa hivyo. Ijumaa baada ya kufunga duka nikaunga bando la simu nikaanza kuipandisha kwenda 22.04. Ilishashusha kila kitu na ilikuwa katikati ya kufunga pakeji, umeme ukakatika. Yupiesi (UPS, ya kushikilia umeme ukikatika) ya dukani ilishakufa siku nyingi. Umeme uliporudi nikawasha, nikakuta hivi:

`Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)`

Haiendi mbele hata hatua moja. Nakala yangu ya mwisho ya data ni ya wiki tatu nyuma. Leo wameuza kwa daftari siku nzima na foleni ilifika barabarani. Kuna njia ya kuiokoa, au umeme umeshaunguza diski?

fundi_kkoo:

Pole sana mkuu. Kwa uzoefu wangu usipoteze muda. Chukua flashi, weka 22.04 mpya, futa kila kitu, rudisha nakala ya wiki tatu. Masaa mawili umemaliza. Hizo mashine zilizokatikia njiani hata ukizifufua zinasumbua mbele ya safari.

Binti Temeke:

Kaka, kabla hujamsikiliza mtu yeyote, mimi nikiwemo: USIFUTE CHOCHOTE. Wiki tatu za mauzo ya duka la dawa ni vitu vingi sana, na hiyo diski haijaungua. Kama ingekuwa imeungua, hata GRUB (programu inayoanzisha mfumo) na kerneli (kiini cha mfumo) visingesomeka.

Ujumbe huo maana yake ni nyepesi kuliko unavyotisha. Kerneli mpya imewaka, lakini haikupata lile faili lake la kuanzia, initrd, lenye vifaa vya kuifungulia diski. Ndiyo maana inalalamika `unknown-block(0,0)`. Data zako zipo palepale kwenye `/var/lib/mysql`.

Washa upya, kisha shikilia Shift kama mashine ni ya BIOS, au gonga Esc kama ni ya UEFI, mpaka menyu ya GRUB itokee. Ingia `Advanced options for Ubuntu`, chagua kerneli ya zamani, itakuwa inaanzia 5.4, ile yenye `recovery mode`. Ikiwaka, chagua `root`. Halafu:

`mount -o remount,rw /`
`mount -a`

Ya kwanza inakuruhusu kuandika kwenye diski, ya pili inafungua na sehemu nyingine kama `/boot`. Hakikisha MySQL haijawaka, chomeka diski ya nje, nakili `/var/lib/mysql` yote na folda ya mfumo wako. Ukimaliza hilo ndipo uje tuzungumze.

Kijana wa Rangi Tatu:

Dada ubarikiwe. Kerneli ya zamani imewaka! Nimeshanakili kila kitu kwenye diski ya nje, nimeifungua kwenye kompyuta mpakato yangu nikahakikisha mafaili yapo.

Sasa nimeandika `dpkg --configure -a`, ya kumalizia pakeji zilizokatikia njiani, kama nilivyosoma mahali, ikaenda vizuri kidogo kisha ikagoma. Mstari wa mwisho unasema `No space left on device`. Lakini diski ina GB 240 na nimetumia kama 30 tu. Umeme umeharibu nini hapa?

Mzee Terminali:

Kijana wangu, umeme uache kwanza. Nina maswali mawili. La kwanza, tuwekee matokeo ya `df -h /boot`. La pili, na hili unijibu bila kuficha: uliipandisha kwa `do-release-upgrade`, amri rasmi ya kupanda toleo, au kwa njia nyingine?

Kijana wa Rangi Tatu:

Shikamoo mzee. `/boot` inaonyesha ukubwa 976M, matumizi 100%.

Swali la pili: nilianza na `do-release-upgrade` ikakataa, ikasema nafasi haitoshi. Nikadhani ni hitilafu maana diski ni kubwa. Nikaona video mtu anabadilisha neno `focal` kuwa `jammy` (majina ya 20.04 na 22.04) kwenye `/etc/apt/sources.list`, halafu `apt update` na `apt full-upgrade`. Nikafanya hivyo ikaanza kwenda.

Mzee Terminali:

Marahaba. Basi ugonjwa umejulikana, na ulikuwepo kabla umeme haujakatika.

Ubuntu Server ya 20.04 ukiifunga kwa LVM (njia ya kugawa diski), kama ilivyokuwa inapendekeza yenyewe, inakata `/boot` ikawa sehemu ndogo ya peke yake, kama GB 1. Hizo GB 240 zako ni chumba kingine kabisa. Kila kerneli mpya inaacha humo mafaili yake, na kubwa kuliko yote ni initrd. `do-release-upgrade` ilipima hicho chumba kidogo, ikaona kimejaa, ikakwambia. Ulipozunguka kwa `sources.list` hakuna aliyepima tena. `apt` haina kipimo hicho.

Nina hakika ukifungua `/var/log/apt/term.log` utakuta initrd ya 5.15, kerneli ya 22.04, ilishindwa kuandikwa kabla ya giza. Hata umeme usingekatika, ungezima Jumatatu ukawasha ukakuta kilekile.

Sasa fanya taratibu. `uname -r` ikwambie unatumia kerneli ipi sasa hivi, hiyo usiiguse. `ls -lh /boot` ikuonyeshe zilizopo. Chukua initrd mbili za zamani kuliko zote, usizifute, zihamishe tu kwenda `/root/` kwa `mv`. Hapo pumzi inapatikana. Kisha kwa mfuatano huu:

`dpkg --configure -a`
`apt -f install`
`apt full-upgrade`
`apt autoremove --purge`

Bando usiogope sana. Pakeji ulizokwisha kuzishusha bado zipo `/var/cache/apt/archives`, haitazishusha upya. Ikikuuliza kuhusu faili la mipangilio ulilowahi kulibadilisha, la MySQL au la SSH, jibu `N`, bakiza la kwako.

Ngosha wa Ubungo:

Naongezea. Ikikwambia `Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend`, usifute hilo faili la kufuli kama wengi wanavyoshauri mtandaoni. Kufuli ina maana kuna mwenzake (programu nyingine ya pakeji) anafanya kazi saa hiyohiyo. Mtafute kwa `ps aux | grep apt`, msubiri amalize. Mimi nililifuta mwaka juzi, `dpkg` mbili zikaandika kwa pamoja, na orodha ya pakeji ikavurugika nisiweze kuitengeneza.

fundi_kkoo:

Mzee nimekuelewa, hilo la `/boot` kuwa chumba chake sikulifikiria. Ushauri wangu wa kufuta kila kitu nauondoa.

Kijana wa Rangi Tatu:

Wakuu, nipo dukani tangu saa kumi na mbili asubuhi. `ls -lh /boot` ilinionyesha initrd NANE, kila moja karibu MB 90. Ya zamani kabisa ni `5.4.0-42`, ya mwaka uleule nilioifunga. Mwaka 2020 nilizima apdeti za kujiendesha ili zisile bando, nikawa naapdeti kwa mkono kila nikija, na sikuwahi kuandika `autoremove`, ya kuondoa za zamani, hata siku moja. Na kwenye `term.log` ni kweli mzee: initrd ya 5.15 ilishindwa saa 1:52 usiku. Umeme ulikatika saa mbili na nusu. Ilikuwa inanilalamikia pale kwenye skrini na mimi nilikuwa mbele nahesabu fedha na mama mdogo.

Nimehamisha mbili, nikaendesha amri zote kwa mfuatano. Imechukua dakika arobaini. Je, niwashe upya sasa?

Binti Temeke:

Subiri. Kwanza andika `ls /boot | grep 5.15`. Ni lazima uone `vmlinuz` na `initrd.img` vyenye namba ileile. Kama initrd haipo, ukizima unarudi ulikotoka. Ikiwepo, piga `update-grub` halafu ndiyo uwashe upya.

Kijana wa Rangi Tatu:

Vyote viwili vipo. Nimewasha upya, IMEWAKA, 22.04! Nimepiga kelele mpaka wateja wakageuka.

Ila sasa muuzaji akifungua mfumo, badala ya ukurasa wa kuingilia anaona maandishi ya kodi yangu yenyewe, kuanzia `<?php` mpaka mwisho.

Ngosha wa Ubungo:

Hiyo ni PHP. 20.04 ilikuwa na 7.4, 22.04 ina 8.1. Ile ya zamani imeondoka na Apache hana wa kumtafsiria, kwa hiyo anakabidhi faili kama lilivyo. Fanya hivi:

`apt install libapache2-mod-php8.1 php8.1-mysql`
`a2enmod php8.1`
`systemctl restart apache2`

Hiyo `php8.1-mysql` usiisahau, bila yake utapata `could not find driver`. Na kama nywila ya hifadhidata uliiandika ndani ya ukurasa huohuo uliojianika mbele ya kaunta, ibadilishe leo leo. Halafu ihamishie kwenye faili lililo nje ya folda ya wavuti.

Binti Temeke:

Na kagua kodi yako ya 2020. PHP 8 imeondoa vitu kadhaa, kwa mfano `each()` na `create_function()`. Fungua kila ukurasa mmoja mmoja huku unatazama `/var/log/apache2/error.log`. Anza na ukurasa wa tarehe za kuisha dawa, huo ukikosea mtu anaweza kuuziwa kisichofaa.

Kijana wa Rangi Tatu:

Nywila ilikuwa humohumo, nimeshaibadilisha na kuihamisha.

Dada umejuaje? Ukurasa wa tarehe za kuisha ndio pekee uliogoma. Nilikuwa nimetumia `each()`, nimebadilisha ikawa `foreach`, nikalinganisha dawa ishirini kwa macho na makopo yaliyopo rafu. Zote zimelingana.

Mzee, na kwenda 24.04 nifanye lini? Naona 22.04 nayo inaisha 2027.

Mzee Terminali:

Usikimbilie. Wiki hii jaza kwanza yaliyomo kwenye daftari, nunua betri ya yupiesi, na panga `mysqldump`, yaani nakala ya data, ya kila usiku iandike kwenye diski nyingine. Mashine ikishakaa mwezi bila kusumbua, ipandishe kwa `do-release-upgrade`, itakupeleka 24.04 maana toleo la muda mrefu halirukwi, unapanda moja moja. Na ikikataa, unakuja hapa na maneno yake yote kama yalivyoandikwa.

Jingine ambalo wengi hawalijui: Ubuntu Pro, huduma ya kuongeza muda wa apdeti, ni bure kwa mtu binafsi hadi mashine 5, na 20.04 yako ingeendelea kupata apdeti za usalama mpaka 2030. Hukuwa na haja ya kuifanya Ijumaa usiku kwa bando la simu.

Kijana wa Rangi Tatu:

Nimeelewa mzee wangu, asante sana. Dada Binti Temeke na Ngosha, Mungu awalipe. Mama mdogo amekaa hapa pembeni ananisomea daftari mstari kwa mstari nami naingiza, tumefika Jumamosi saa tano. Betri ya yupiesi nitaifuata Kariakoo kesho asubuhi. Hizo initrd mbili nilizoziweka `/root/` nizifute sasa?

Mzee Terminali:

Angalia kama `autoremove` imeziondoa kerneli zake. Kama imeziondoa, zifute.