Naomba ushauri: je, niache kazi ya chombo cha doria nijiunge na meli ya kampuni?

Baharia_wa_Zamu
Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Mimi ni baharia wa sitaha katika chombo cha doria kinacholinda pwani ya Kenya, kazi ambayo nimeifanya kwa miaka kadhaa na ambayo naipenda. Zamu yangu ni ile ya saa sita hadi saa kumi, mchana na usiku, na aliyewahi kuikesha wakati wa upepo wa kusi anajua kwamba kulala asubuhi huku wenzako wakikwangua kutu juu ya kichwa chako si kulala. Siku ya kurudi nyumbani haina uhakika, kwa sababu hata tukiwa tumeukaribia mlango wa Kilindini huweza kuja wito wa redio kwamba kuna mashua imezimikiwa na injini, nasi hatuna budi kugeuza. Sasa nimepata nafasi katika meli ya kampuni, kwa mshahara unaokaribia mara mbili ya huu ninaoupata, na jibu linatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi. Je, niende?

Injini_Chini
Jambo la kwanza si mshahara bali vyeti. Hakikisha kwamba vyeti vyako vya usalama chini ya STCW, yaani mkataba wa kimataifa wa 1978 wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, bado viko hai, maana huhuishwa kila baada ya miaka mitano, kisha nenda Mamlaka ya Bahari ukaulize ni kiasi gani cha muda wako katika doria kitakachohesabiwa. Mwenzangu mmoja alihamia meli ya mizigo bila kuuliza, akajikuta anaanzia chini pamoja na vijana waliotoka chuoni jana. Isitoshe, nyinyi wa sitaha mnalalamikia kusi ilhali upepo mnaupata. Sisi wa chumba cha mashine huzungumza kwa ishara za mikono, na hata nikiwa nyumbani mke wangu huniita mpaka akachoka.

Mama_Likoni
Mwanangu, marehemu mume wangu alikuwa baharia, na watoto wetu walimjua zaidi kwa sauti ya simu kuliko kwa sura. Meli ya kampuni haitakurudisha nyumbani mapema zaidi. Itakulipa zaidi kwa kutokuwapo kwako. Mkeo umemuuliza, au umemwarifu tu?

Kasa_Mzee
Naona wote mmeruka jambo moja. Mabaharia wenye vyeti wanazunguka Mombasa wakitafuta meli, na huyu bwana hajasema popote kwamba aliomba kazi. Kampuni hiyo ilimjuaje?

Baharia_wa_Zamu
Mzee Kasa, mwakilishi wao alinipigia simu. Tulikuwa tumewahi kukutana kikazi. Ni kampuni yenye meli za kukokota nyavu za kuvulia kamba wa baharini. Mama Likoni, mke wangu anafahamu na ameridhia.

Kasa_Mzee
Mlikutana kikazi kwa namna gani? Baharia wa doria hukutana na meli za uvuvi kwa njia moja tu ninayoijua.

Baharia_wa_Zamu
Sikutaka kulieleza hili kwa kuwa halihusiani na swali langu. Tuliikamata meli yao katika Ghuba ya Ungwana, saa kumi na moja alfajiri, nyavu zikiwa majini, ndani ya eneo lililotengewa wavuvi wadogo. Mahali ilipokuwa niliandika mimi, na kwenye orodha ya mashahidi jina langu limo. Kesi haijaanza kusikizwa. Mwakilishi hajawahi kuitaja kesi hata kwa neno moja, bali alinitumia fedha za maandalizi, jambo la kawaida katika ajira za meli. Barua ya kuacha kazi nimeshaiandika na kuiwasilisha. Maafisa wenzangu waliokuwapo watatoa ushahidi ule ule, kwa hiyo sioni kesi itapungukiwa na nini.

Mwana_wa_Kipini
Itapungukiwa na wewe, ndugu yangu. Mimi ni mvuvi wa huko. Meli hizo zilikuwa zikipita usiku na kuzoa nyavu zetu pamoja na maboya yake, na asubuhi tukabaki ufuoni tukitafuta pa kushtaki. Mwaka 2006 uvuvi wa kukokota ulisimamishwa katika ghuba yetu kutokana na mizozo hiyo, ukaruhusiwa tena mwaka 2011, na kikosi cha walinzi wa pwani kikaja kuanzishwa mwaka 2018. Tulisubiri muda wote huo apatikane mtu wa kuandika mahali meli ilipo, naye akipatikana anapewa sare ya meli hiyo hiyo!

Sheria_Kwanza
Nitajibu lile aliloliita lisilohusika. Kuacha kazi hakumwondoi mtu kwenye orodha ya mashahidi. Wito wa mahakama utamfuata hata akiwa mwajiriwa wa mshtakiwa, na hapo swali la kwanza la mwendesha mashtaka litakuwa ni nani anayemlipa. La pili, Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inamtaka mtumishi wa umma anayejua au kushuku kuwapo kwa hongo atoe taarifa kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ndani ya saa 24. Kwamba kesi haikutajwa kwenye simu si kinga.

Rubani_Mstaafu
Kabla hamjamfunga au kumwokoa, someni tena. Zamu yake ni ya saa sita hadi saa kumi. Meli ilikamatwa saa kumi na moja alfajiri, saa ambayo mtu wa zamu hiyo amekwisha kuteremka kulala. Na daftari la chumba cha usukani huandikwa na afisa wa zamu, si baharia wa sitaha. Nimeongoza meli kuingia bandarini kwa miaka mingi, na hadithi za namna hii nimezisikia mikahawani. Nashuku tunatungiwa.

Pweza_Mkavu
Kama ni ya kutunga, basi mtunzi atuambie kamba walikwenda wapi, maana hapa Mombasa bei yao haishikiki.

Baharia_wa_Zamu
Mzee Rubani, sikutaja daftari la chumba cha usukani. Meli inapoonekana kwenye rada bila taa, huamshwa wote, mwenye zamu na asiye na zamu. Nilikuwa katika boti ya mpira pamoja na kundi la upekuzi, na mahali nilipachukua kwa GPS ya mkononi nikiwa juu ya sitaha yao, nikaandika katika fomu ya upekuzi ambayo nahodha wao pia aliitia sahihi. Kwa sababu hiyo namba zangu ndizo zinazopingwa.

Rubani_Mstaafu
Hilo ni jibu la mtu aliyekuwapo, au la mtu aliyesimuliwa vizuri na aliyekuwapo. Lakini angalieni alichokisema sasa hivi. Kumbe namba zinazopingwa ni zake peke yake, na hao maafisa wenzake hawawezi kuzisemea.

Kasa_Mzee
Na mwakilishi alilijua hilo kabla yetu.

Baharia_wa_Zamu
Nina watoto wanaosoma, na mshahara wa doria mnaujua. Sikuomba nihukumiwe. Hata hivyo, barua yangu bado haijajibiwa na mkuu wa chombo. Nianze kwa kuiondoa barua, au kwa kurudisha fedha?

Sheria_Kwanza
Usianze na lolote kati ya hayo. Anza kwa taarifa, leo, kwa mkuu wako na kwa Tume, kisha ndipo uiondoe barua. Fedha usimrudishie mwakilishi kwa mkono wako, kwa sababu ni ushahidi. Zikabidhi kwa wachunguzi, pamoja na ujumbe wote ulio kwenye simu bila kufuta hata mmoja. Ukiona unatishwa, uliza kuhusu ulinzi wa mashahidi, ambao upo kisheria.

Baharia_wa_Zamu
Sehemu ya fedha hizo nimeshailipia uchunguzi wa afya wa mabaharia.

Sheria_Kwanza
Basi risiti ya hospitali nayo uende nayo.