Usanifu wa tovuti kama fani ndogo chuoni: nipange kozi vipi?

Kalamu_Mpya
Wakuu, habari zenu. Nipo mwaka wa pili, shahada ya mawasiliano ya umma. Chuo kinaruhusu kuongeza fani ndogo ya usanifu wa tovuti, kozi sita kwa mihula minne. Sijawahi kuandika msimbo. Kozi zipi zitangulie, na kwenye miradi watu hukwama wapi? Laptopu yangu ina RAM ya GB 4.

FundiKurasa
Mkuu, GB 4 inatosha kwa HTML (lugha ya muundo wa ukurasa) na CSS (ya kuupamba na kuupanga). Kihariri cha maandishi na kivinjari, basi. Itakayokulemea ni programu ya kuhariri video.

Omba muhtasari wa kila kozi kabla ya kujisajili, jina peke yake halitoshi. Angalia alama zinatoka wapi. Kozi inayopima kwa mtihani wa karatasi tu haitakufikisha mbali. Tafuta inayokulazimisha kuweka tovuti hewani. Muhula wa kwanza HTML na CSS tu. Wa pili herufi, rangi na mpangilio, pamoja na Git (zana ya kutunza matoleo ya msimbo). JavaScript (lugha ya kuufanya ukurasa uitikie mtumiaji) wa tatu, hifadhidata mwisho.

Wanaorukia React (maktaba ya JavaScript) kabla ya CSS hukwama kwenye mambo ya msingi. Mfano: mtu kaweka width: 100%, kaongeza padding (nafasi ya ndani) ya pikseli 20 kila upande, ukurasa unazidi kioo cha simu kwa pikseli 40 na kuanza kuteleza kushoto kulia. Padding kwa kawaida huongezwa juu ya upana uliotaja. Dawa ni box-sizing: border-box mwanzoni mwa faili la CSS. Ukilijua ni dakika moja, usipolijua utakesha.

NuktaNuku
Mimi WordPress (mfumo wa kuendesha tovuti bila kuandika msimbo mwingi) ningeitanguliza. Wateja wengi wadogo ndiyo wanayoitaka.

FundiKurasa
Kwa kutafuta kazi uko sahihi, ndugu. Ila siku mandhari (theme, muonekano wa tovuti ya WordPress) ikivunjika baada ya kusasishwa, asiyejua CSS hana pa kushika. Muhula mmoja wa msingi kwanza, WordPress ifuate.

BintiSeva
Niongezee la kukwama. Tovuti ni nzima kwenye laptopu, ikipandishwa picha hazionekani. Mara nyingi ni majina ya faili: Windows kwa kawaida haitofautishi Picha.JPG na picha.jpg, lakini seva nyingi ni za Linux, nayo inatofautisha. Tumia herufi ndogo tupu, bila nafasi. Na anwani inayoanza na C: haipo kwenye seva.

Picha ya simu ya MB 4 usiipandishe ilivyo, utamaliza bando la msomaji. Ipunguze hadi upana wa pikseli 1600, ihifadhi kama WebP (aina ya faili la picha jepesi), na andika width na height kwenye tagi ya img ili maandishi yasiruke inapofunguka.

Kingine, wengi hunakili kiolezo na kuacha lang="en" (alama kwamba lugha ya ukurasa ni Kiingereza). Ukiandika Kiswahili weka lang="sw", la sivyo programu inayomsomea asiyeona itatamka maneno yako kwa Kiingereza. Rangi nayo: kijivu #999999 juu ya nyeupe ni hafifu, uwiano wake wa utofauti na nyeupe haufiki 3:1, na kanuni za WCAG (za kufanya tovuti zisomeke na watu wote, wenye ulemavu pia) zinataka 4.5:1 kwa maandishi ya kawaida. #767676 inapita.

Wewe wa mawasiliano una mtaji hapo: kupanga vichwa vya habari h1, h2, h3 kwa mantiki ni kazi ya mhariri.

Kalamu_Mpya
Asanteni sana. Kozi ya kwanza kwenye orodha inafundisha kupanga kurasa kwa majedwali na float (amri ya CSS ya kusukuma kitu pembeni). Niiache?

FundiKurasa
Majedwali ni mtindo wa miaka ya 1990. Grid, njia ya CSS ya kupanga ukurasa, ipo kwenye vivinjari vyote vikuu tangu 2017, na Flexbox, njia nyingine ya CSS, ilitangulia. Kama kozi ni ya hiari, iache. Kama ni ya lazima, muulize mhadhiri mapema, wiki ya kwanza, kama mradi unaweza kufanywa kwa Grid, na uombe jibu kwa maandishi.