Tuzo za hadithi za kutisha: wasomaji wapige kura, au tuwaachie majaji?

Wakuu, juzi kuna mtu alidai kwamba tuzo ya riwaya ya kutisha isiyopigiwa kura na wasomaji ni bure, maana anayeogopa ni msomaji, si jaji. Nikamuunga mkono. Kisha nikaenda kupiga kura Goodreads Choice, ile tuzo ya mtandao wa wasomaji wa Goodreads inayofanyika kila mwaka tangu 2009 na yenye kipengele cha vitabu vya kutisha. Katika orodha nzima nilikuwa nimegusa vitabu viwili tu, na kimoja nilikiacha katikati. Nikabofya kile kingine, nikaendelea na shughuli zangu. Nusu dakika haikufika. Sasa kura hiyo ililinganisha nini na nini?

Sisemi wasomaji hawajui kazi nzuri. Nasema kitabu kilichouzwa sana kinaingia kwenye kinyang'anyiro na kura zake mfukoni. Cha mchapishaji mdogo, hata kama wote waliokisoma walilala taa ikiwaka, hakifui dafu.

— Mkuu, majaji nao wana yao. Tuzo za Shirley Jackson, nazo za hadithi za kutisha, zinatolewa na jopo la majaji tangu zianze kutambua kazi za 2007. Watu wachache, ladha ya wachache. Na tuzo za Bram Stoker, washindi huamuliwa kwa kura za wanachama wa chama cha waandishi wa hadithi za kutisha. Mwandishi akimpigia mwenzake aliyemsifia kwenye jalada, hilo tuliiteje?

— Mnasahau kampeni. Tuzo za Hugo ni za hadithi za kisayansi na fantasia, lakini somo ni lilelile: mwaka 2015 makundi yaliyojipanga yaliteua kazi zilezile kwa orodha moja, yakajaza nafasi za wateule katika vipengele kadhaa. Wapiga kura wakajibu kwa kuchagua "Hakuna Tuzo" katika vipengele 5. Baadaye ikabidi hesabu ya uteuzi ibadilishwe, ikaanza kutumika 2017. Na pale mpiga kura analipia uanachama! Kura ya bure je?

Ndiyo maana napendekeza hivi: kila mpiga kura aweke alama kwenye vitabu alivyosoma, kisha avipange kuanzia kilichomtisha zaidi. Vitabu viwili vishindanishwe kwa kura za waliosoma vyote viwili tu. Aliyesoma kimoja, samahani, hana cha kulinganisha. Kitabu kidogo hapo kinapumua.

— Watu watadanganya kwamba wamesoma.

Watadanganya, sawa. Ila leo hata hawaulizwi.

— Haya, swali dogo. Kile ulichokiacha katikati, utaratibu wako unakihesabu kimesomwa?

Hapana. Hukukimaliza, hukisemei.

— Ulikiacha kwa sababu kilichosha?

Hapana. Nilifika mahali mtoto anabisha hodi kutokea ndani ya kabati, na ilikuwa saa nane usiku. Nikakifunga, nikakipeleka sebuleni.

— Na kura ukampa mwingine.