Wenye magari makubwa, mnatuonea barabarani na tumechoka

Wadau, hili nimelinyamazia muda mrefu, leo nalisema lote. Ukiendesha gari dogo, haya ya injini ya lita moja au pungufu, kuna madereva hawakuhesabu kabisa kuwa nawe una haki ya kuwa barabarani. Leseni unayo kama wao, alama unazifuata zilezile, mwendo wako ni halali, lakini gari kubwa likishafika nyuma yako unageuka kitu cha kusukumwa pembeni.

Kabla hajaja mtu na lile jibu la kila siku, kwamba magari madogo yanatambaa ndiyo maana tunaharakishwa, nimjibu mapema. La kwangu ni dogo, lakini kazini huwa napewa pikapu ya milango minne. Barabara ileile, dereva yuleyule, na mwendo uleule, kwa sababu mimi naenda kama kibao kinavyosema. Nikiwa kwenye pikapu, anayekuja nyuma anakaa kwa umbali wake, anasubiri nafasi, anawasha indiketa, ananipita kwa adabu. Nikiwa kwenye gari langu anakuja mpaka kioo cha nyuma kinajaa boneti yake, hata taa zake sizioni. Kisha anarudi nyuma kidogo aniwashie taa kubwa. Kisha honi. Kwa hiyo tusidanganyane kuhusu haraka. Mwenye haraka angekuwa nayo hata nyuma ya pikapu. Huyu anatazama kwanza ukubwa wa aliye mbele yake, ndipo anaamua kama amheshimu au la.

Hili la kubanwa kwa nyuma sitaliacha haraka, maana linaua. Kwa kilomita 80 kwa saa, gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Anayejifunza udereva anaambiwa aache angalau sekunde 2 kati yake na aliye mbele, yaani kama mita 44 kwa mwendo huo, na mvua ikinyesha aongeze mara mbili. Dereva aliye makini, asiye na simu mkononi, hutumia sekunde moja au zaidi tangu aone taa za breki hadi mguu wake ukanyage. Katika muda huo keshakwenda mita zaidi ya 20 na gari lake halijapungua hata chembe. Sasa wewe uko mita 4 nyuma yangu. Mtoto akikatiza mbele yangu nifanye nini? Nikifunga breki unanipanda. Nisipofunga, namgonga mtoto. Hayo umeniletea wewe, kwa hiari yako, ili ufike kwenye foleni ya mbele ukiwa umetangulia gari moja.

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, kifungu cha 13, unamtaka aliye nyuma aache umbali wa kutosha asije akamgonga wa mbele anapopunguza mwendo ghafla au kusimama. Kifungu hicho hakimpi mtu ruhusa ya kumsogelea mwenzake kwa sababu gari la mwenzake ni jepesi.

Na wanaotusogelea hivyo wanajua wazi nani ataumia. Chukueni gari la kilo 900 na lingine la kilo 2,500, yagongane uso kwa uso, kila moja likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, na yanasane. Lile zito linabaki likienda mbele kwa kama kilomita 24 kwa saa, na lile dogo linarudishwa kinyumenyume kwa mwendo huohuo. Maana yake aliye kwenye gari zito mwendo wake umebadilika kwa kama kilomita 26 kwa saa, na aliye kwenye dogo umebadilika kwa kama 74, kufumba na kufumbua. Mabadiliko hayo yanapokelewa na shingo, mbavu na kichwa cha mtu. Msiniambie gari langu lina nyota za usalama. Euro NCAP, wale wa Ulaya wanaogongesha magari kuyapima usalama na kuyapa nyota, ambao wamekuwa wakitoa matokeo ya majaribio yao tangu 1997, wenyewe wanasema matokeo ya kugongana kwa mbele yalinganishwe kwa magari yenye uzito unaokaribiana tu. Nyota zangu hazinikingi na wewe.

Usiku ndiyo mateso zaidi. Taa za gari lililonyanyuka ziko usawa wa kioo changu cha nyuma na vioo vya pembeni. Hata zikiwa za chini, akinikaribia zinanichoma macho. Akiwasha kubwa kunikomoa, naendesha karibu na upofu, na mbele yangu kuna watembea kwa miguu, baiskeli, mashimo. Ukimpofua dereva aliye mbele yako umemhatarisha kila aliyeko mbele yake.

Malori nayo. Lori likikupita kwa kasi, hewa linayoisukuma inakutupa nje kwanza, halafu ukiwa ubavuni mwake inakuvuta kulielekea. Kwenye gari jepesi unalisikia hilo kwenye usukani, inabidi uukamate kwa mikono miwili. Dereva wa lori mwenye utu anaacha nafasi ya upande, na wapo wengi, nawashukuru. Wengine wanapita wakikaribia kukukwangua kioo, na kabla tela halijamaliza kukupita wanarudi kwenye njia yako.

Sasa nije kwenye linaloniuma kuliko yote. Kuna gari kubwa mbele linakwenda taratibu, kilomita 55 mahali pa 80. Barabara mbele iko wazi, naona mbali, hakuna anayekuja. Nawasha indiketa, natoka, naanza kuovateki. Nikishafika ubavuni mwake, yule bwana anakanyaga mafuta! Alikuwa anatalii tu, lakini kupitwa na gari dogo kwake ni kudharauliwa, basi ananiacha huko upande wa wanaokuja, nikiwa sina pa kurudi kwa sababu nyuma yake pameshazibwa. Kifungu cha 11 cha mkataba ule kinasema anayepitwa akae ukingoni mwa upande wake na asiongeze mwendo. Anayeongeza mwendo wakati mwenzake yuko upande wa pili wa barabara anacheza na roho ya mtu, na ya familia inayokuja kutoka mbele ambayo haijui lolote kuhusu kiburi chake. Hili mimi naliita jaribio la kuua, na sitalipunguzia jina.

Ndiyo, kwenye mlima mrefu gari la lita moja lenye watu wanne linachoka. Nalijua gari langu. Nakaa ukingoni, siongezi mwendo mtu anaponipita, na pakipatikana pa kusimama nasimama wapite. Sisi wengi tunafanya hivyo. Bado tunapigiwa honi na kutukanwa dirishani.

Kuchomekewa sitakusimulia sana, kila mmoja anajua. Niseme tu kwamba ile nafasi niliyoacha mbele yangu ni ya breki zangu, sikukuwekea wewe. Na kwenye makutano, pale ambapo zamu ni yangu, mtu ananitazama machoni kabisa kisha anaingia, kwa sababu amekwisha kupiga hesabu kwamba mimi ndiye nitakayesimama. Maegesho ni hivyohivyo.

Mke wangu akiendesha gari hilihili anakutana na haya zaidi yangu, na matusi juu. Ameanza kukwepa barabara kuu akiwa na watoto, anazunguka njia za ndani. Mtu mzima, dereva mzuri, anaogopa barabara kwa sababu ya watu wasiojua kutofautisha nguvu za injini na haki ya kupita. Hilo linanitia hasira kuliko ninavyoweza kuandika.

Halafu kuna wanaotuambia "hilo si gari". Japani wana daraja zima la magari yasiyozidi urefu wa mita 3.4, upana wa mita 1.48 na injini ya sentimita za ujazo 660, na ni sehemu kubwa ya magari yanayouzwa huko. Watu wazima wanakwenda nayo kazini na kubeba familia. Mtu huchagua gari dogo kwa sababu linakunywa mafuta kidogo, linaingia pembamba, au ndilo aliloliweza. Sababu yoyote kati ya hizo inamtosha.

Ushauri wa "nunua kubwa nawe" sitaki kuusikia. Nikinunua kubwa, wa pikipiki atanunua nini? Wa baiskeli je?

Kwa hiyo wenye magari makubwa mliomo humu, na najua mpo, njooni mjibu hili bila kuzungukazunguka: mkiwa nyuma ya lori la tani 20 linalokwenda polepole kuliko mimi, mbona hamlisogelei mita 4 na kuliwashia taa?